BABA ASIYE NA KADI ATIBIWE WAPI?

Ndugu Wafanyakazi,

Twaomba nafasi katika karatasi yetu hii tuseme juu ya jambo ambalo tumelinyamazia muda mrefu. Habari za mishahara twazisema kila mwezi, na ni haki yetu kuzisema. Twasema habari za saa za kazi, za nyumba, za viatu na makoti ya mvua. Lakini juu ya baba wa nyumba asiye na bima, akiugua aende wapi na alipe nini, hatujaandika hata mstari mmoja. Leo twaandika, kwa sababu jambo lenyewe limetufikia mlangoni.

Katika genge letu la njia yuko mwenzetu mmoja. Jina lake hatulitaji, kwa maana mwenyewe ametuomba tusilitaje. Wala kontrakta aliyemwajiri hatumtaji, kwa maana shauri lake lingali mezani pa Chama. Ni mtu wa miaka arobaini na miwili, ana mke na watoto wanne. Amebadilisha mataruma na kushindilia kokoto miaka sita, na miaka yote sita ameitwa kibarua. Hulipwa Jumamosi kwa siku alizofanya kazi. Siku ya mvua genge lisipotoka, halipwi. Siku ya kuugua, vile vile halipwi.

Mwaka jana alianza kuwa na kiu. Alikuwa akimaliza chupa nzima ya maji kabla ya saa nne asubuhi, nasi tulimcheka, tukasema bwana huyu amekula ng'onda. Usiku akawa anaamka mara nne, mara tano, kwenda haja ndogo. Akakonda. Kisha kokoto ikamchuna kisigino ndani ya kiatu kilichopasuka, na kidonda kile hakikupona. Alinunua vidonge vya maumivu dukani, akanunua na unga wa kunyunyizia kidonda, akafunga kitambaa, akaja kazini. Tulimwuliza, mbona huendi hospitali? Akatujibu kwamba siku ya hospitali ni siku ya njaa nyumbani. Hatukuwa na la kumjibu, tukaendelea na kazi.

Mwisho mguu ulivimba ukaanza kunuka, na mtu mwenyewe akawa hajijui vizuri. Tulimbeba kwa troli hadi stesheni, na kutoka stesheni kwa gari la kukodi hadi hospitali moja ya watu binafsi iliyokuwa karibu. Pale mlangoni tuliulizwa kadi ya bima. Kadi hakuna. Tukaulizwa amana. Tukakung'uta mifuko, na tulichopata hakikutosha. Tuliondoka naye, tukafika hospitali ya Serikali saa tano usiku. Waganga wa pale walifanya kazi yao vema, nasi twawashukuru. Lakini walituambia kwamba sukari imepanda mno na mguu umekwisha oza. Asubuhi yake waliukata chini ya goti.

Hapo ndipo mchango wetu ulipoanza. Karatasi ilizungushwa karakana, stesheni na landi. Mwenye elfu alitoa elfu, mwenye mia tano alitoa mia tano. Katika siku kumi na moja tulipata Sh. 54,000/-. Tulijisifu sana. Tulisema, tazameni jinsi watu wa reli wanavyopendana.

Lakini, ndugu zetu, kuna hesabu ambayo hatukuifanya, na twaomba tuifanye sasa pamoja. Kwa sheria ya bima ya afya iliyoko, mtu asiye na mshahara wa mwezi hupimwa uwezo wake, na kiasi cha chini kabisa cha mchango wake ni Sh. 300/- kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh. 3,600/-. Kadi hiyo humchukua yeye, mkewe na watoto wake. Sasa gawanyeni Sh. 54,000/- kwa Sh. 3,600/-. Mtapata kumi na tano. Yaani kwa fedha tulizotoa baada ya mguu kukatwa, akina baba kumi na watano wangaliweza kuwa na kadi mwaka mzima pamoja na jamaa zao. Tulitoa fedha nyingi, tukazitoa kwa kuchelewa.

Hii ndiyo sababu ya barua yetu. Twasema kwamba fedha za kumtibu baba asiye na bima zimo miongoni mwetu, ila huwa tunazitoa mtu akiwa amekwisha anguka. Yatupasa kuzitoa mapema.

Kwanza na tuulize, kwa nini baba huyu hana kadi? Wengine husema ni uvivu wake. Si kweli. Tazameni mambo yalivyokwenda. Mwaka 1965 Serikali ya Uhuru iliondoa malipo ya wagonjwa wa nje katika hospitali zake. Mwaka 1966 Bunge likaweka sheria ya bima ya hospitali, ile tuliyokuja kuiita NHIF. Sheria hiyo ilianza na mfanyakazi aliyepata Sh. 1,000/- kwa mwezi au zaidi, naye alikatwa Sh. 20/- kila mwezi. Kwa siku zile elfu moja ulikuwa mshahara wa mtu wa kiti na meza. Mshika nyundo alikuwa nje. Mwaka 1972 mlango ulifunguliwa ili wengine wajiunge kwa hiari. Kisha mwishoni mwa mwaka 1989 malipo yakarudishwa hospitalini, wakayaita kuchangia gharama. Basi yule aliyekuwa nje ya bima akajikuta pia amerudishiwa ada mlangoni. Tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF iliondoka, ikaingia Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA.

Kwa miaka yote hiyo mwenye mshahara wa mwezi hukatwa kabla hajaiona fedha yake. Leo hukatwa asilimia 2.75. Mwenye Sh. 20,000/- hukatwa Sh. 550/-. Tunanung'unika, maana makato ni mengi, lakini tukiugua kadi ipo. Kibarua hutakiwa kulipa mwenyewe, tena alipe ya mwaka mzima kwa mara moja. Ni wapi kibarua anayelipwa kila Jumamosi ataishika Sh. 3,600/- mkononi kwa siku moja? Ikifika mkononi mwake hukuta karo inaingoja, na kodi ya nyumba, na unga. Mwaka 2025 Serikali ilianzisha mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ili mtu akopeshwe mchango wa mwaka kisha alipe kidogo kidogo. Anayeweza kuutumia na autumie. Lakini tumezungumza na wenzetu wengi, nao wanaogopa, kwa sababu wamekwisha fungwa na madeni mengine ya simu.

Tena iko sababu nyingine, na hii ni yetu sisi wanaume. Mama ana kliniki yake akiwa na mimba. Mtoto ana kitabu chake cha kliniki, anapimwa uzito kila mwezi, na tarehe ya sindano imeandikwa. Baba hana siku yake. Humpeleka mtoto akaketi kwenye benchi, akatazama mtoto akining'inizwa kwenye mizani, kisha akarudi kazini, na hakuna aliyemwuliza, na wewe baba u hali gani? Naye mwenyewe haulizi. Hudhani kulalamika ni kazi ya watoto. Sisi tulio wa reli tungepaswa kujua zaidi. Gurudumu la behewa hukaguliwa kabla ya safari, wala hatungoji livunjike ndipo tulitazame. Injini ina siku yake ya kuingia karakana hata kama yakimbia vizuri. Lakini sisi wenyewe tunajiendesha mpaka tuanguke njiani. Wazee walisema mficha maradhi kilio kitamfichua, na sisi kilio tumekisikia.

Sasa twaandika mambo ambayo baba asiye na kadi iliyolipiwa aweza kuyafanya leo hii. Mengi ya haya sisi wenyewe hatukuyajua usiku ule wa troli, na kutojua kwetu kulimgharimu mwenzetu.

La kwanza, ajiandikishe. Kujiandikisha SHA ni jambo moja na kulipa mchango ni jambo lingine. Kujiandikisha hakutozwi fedha. Hufanywa kwa simu, nambari *147#, au katika kituo cha afya, ukiwa na kitambulisho chako. Wengi wetu tulidhani kwamba asiyelipa hana haja ya kujiandikisha. Tulikosea.

La pili, aanzie zahanati. Kwa sheria ya mwaka 2023 matibabu ya kwanza katika zahanati na vituo vya afya vilivyomo katika mpango huu hulipwa na mfuko wa Serikali, si na mgonjwa, mradi ameandikishwa. Basi mwenye homa, kikohozi, kidonda au kiu isiyokwisha asianzie dukani kwa vidonge, wala asianzie hospitali kubwa yenye lango la chuma. Kikohozi cha majuma mawili kipimwe, kwa maana dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika hospitali na zahanati za Serikali.

La tatu, apimwe presha na sukari kabla ya kuugua. Mwezi wa Septemba mwaka 2023 Serikali ilituma wahudumu wa afya wa jamii mitaani na vijijini, nao walipewa mikoba yenye kipimo cha presha na kipimo cha sukari. Sukari hupimwa kwa tone moja la damu ya kidole. Hao wahudumu huja mpaka landi, tumewaona. Lakini huja saa nne asubuhi, wakamkuta mama na watoto, na baba yuko njiani na sururu yake.

La nne, ajue haki yake saa ya hatari. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Haikusema mtu mwenye kadi. Ilisema mtu. Mgonjwa aliyeletwa akiwa hajijui ni mtu wa dharura, na kumwuliza amana kwanza si sheria. Usiku ule tungalijua hivyo, tungalisimama pale mlangoni tukasema, mtibuni kwanza, habari ya fedha tutasema kesho.

La tano, aliyeumia kazini asianze kutafuta bima. Sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa walioumia kazini imeweka mzigo huo juu ya mwajiri. Lakini haki hii hupotea kwa kukosa maandishi. Ukiumia, mwambie nyapara siku ile ile, na uone kwa macho yako jambo limeandikwa kitabuni, saa na mahali, na jina la mwenzako aliyeona. Kisigino cha mwenzetu kilichunwa kazini, katika kiatu kilichopasuka, na hakuna aliyeandika kitu. Leo hatuna karatasi ya kuonyesha.

La sita, aliyetibiwa akashindwa kulipa asitoroke hospitali usiku. Katika hospitali za Serikali iko ofisi ya ustawi wa jamii. Aende huko aeleze hali yake, naye aweza kupunguziwa deni au kusamehewa. Tena mwaka 2015 Mahakama Kuu ilitoa hukumu katika shauri la akina mama wawili waliozuiwa hospitalini baada ya kujifungua kwa kuwa hawakuwa na fedha, ikasema kuwazuia vile ni kinyume cha Katiba. Deni ni deni, na hudaiwa kwa njia ya deni. Mwili wa mtu si amana.

Ndugu zetu, hatutaki kudanganya watu. Mambo haya yako katika sheria, lakini si yote yako katika benchi la zahanati. Tumekwenda mara nyingi tukaambiwa dawa zimekwisha, nenda ukanunue. Tumekwenda tukakuta kipimo cha sukari kipo na karatasi zake hazipo. Tumekwenda saa kumi tukakuta mlango umefungwa, na kibarua huachiliwa kazini saa kumi na moja. Mambo haya yapelekwe kwa Serikali ya Kaunti kwa maandishi na kwa tarehe, zahanati ipi, siku ipi, dawa ipi ilikosekana. Tukiendelea kunung'unika vilabuni hakuna atakayetusikia.

Na tuseme pia juu ya makontrakta. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofika jumla ya mwezi mmoja asihesabiwe tena kuwa kibarua wa siku. Mwenzetu amefanya miaka sita. Basi jina la kibarua aliloitwa si jina la sheria, ni jina la kukwepa. Mtu huyu alipaswa kuandikwa, kukatwa mchango wake, na kupelekewa. Tena sheria hiyo hiyo yampa mfanyakazi aliyekwisha kufanya miezi miwili mfululizo siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, na siku saba nyingine kwa nusu mshahara, katika mwaka. Angalipewa siku hizo, asingalisema kwamba siku ya hospitali ni siku ya njaa. Wako na wengine wabaya zaidi, ambao humkata mtu katika karatasi ya mshahara, na mtu akifika hospitali michango yake haionekani. Hao twataka Chama kiwafuate, kimoja kimoja, na hesabu zao zitazamwe.

Hata hivyo, shauri la kontrakta laweza kuchukua miaka, na sukari haingoji hukumu. Ndiyo maana twaleta shauri letu, nalo ni hili.

Katika kituo chetu sisi wenye mshahara wa mwezi tu watu sitini. Vibarua wenye watoto ni ishirini. Kila mmoja wa sisi sitini atoe Sh. 50/- kwa mwezi. Hiyo ni Sh. 3,000/-. Kila kibarua naye atoe Sh. 150/- kwa mwezi, akiweza kuzitoa mara nne, kila Jumamosi kidogo. Hiyo nayo ni Sh. 3,000/-. Jumla ni Sh. 6,000/- kwa mwezi, na kwa miezi mitatu Sh. 18,000/-. Fedha hizo zatosha kulipa mchango wa mwaka wa akina baba watano kwa kiasi cha chini. Baada ya miezi mitatu mingine, watano tena. Mwaka ukiisha wote ishirini wana kadi, na wale watano wa kwanza zamu yao ya kulipiwa tena imefika. Hesabu inazunguka kama saa. Yule ambaye Serikali imempimia zaidi ya Sh. 300/-, itabidi aongeze au tumwongezee, na hilo litaamuliwa na kikao. Na nani aanze? Aanze mwenye maradhi, kisha mwenye umri, kisha mwenye watoto wengi. Asianze rafiki ya katibu.

Tumekwisha sikia maneno ya wapinzani, nasi twayajibu bila hasira.

Wako wasemao, hawa hawalipi ada ya Chama, kwa nini tuwalipie bima? Twawajibu kwamba hawa ndio wanaoshindilia kokoto chini ya reli tunayopita juu yake. Mwezi wa Januari mwaka 1947, wafanyakazi wa Mombasa walipogoma, watu wa bandari na wa reli walisimama pamoja, kibarua na mwenye kazi ya kudumu. Hakuna aliyeuliza mwenzake kadi. Tena mtu uliyemsaidia kupata dawa hatakuwa mgumu kuingia Chama. Ukimwacha, kesho kontrakta atamtumia kukuondoa wewe kazini.

Wako wasemao, sisi tumekwisha katwa vya kutosha, asilimia 2.75 ya afya, asilimia 1.5 ya nyumba, na mengine. Ni kweli, na twataka Chama kiendelee kuuliza kwa nini mwajiri haongezi hata senti moja katika mchango wa afya wa mfanyakazi wake. Lakini hamsini kwa mwezi ni chai na maandazi ya asubuhi mbili. Na kumbukeni, mchango wa matanga tunautoa pasipo kuulizwa, tena kwa mamia. Je, tu wepesi wa kumzika mtu kuliko kumtibu?

Wako wasemao, fedha zitaliwa. Hili ni neno la haki, na mfano tumeuona. Basi zisikae mfukoni mwa mtu. Zikae kwa jina la watu watatu, mmoja awe kibarua. Kila mwezi hesabu ibandikwe ukutani kwenye chumba cha chai, aliyetoa na aliyelipiwa. Zisikopeshwe mtu yeyote, hata mwenyekiti, hata siku moja.

Na wako wasemao, kazi hii ni ya Serikali. Ndiyo, ni ya Serikali, nasi hatutaacha kuidai. Lakini tulifundishwa sote habari za yule Msamaria. Hakuishia kumwonea huruma aliyeumizwa, wala hakumlaumu mwenye kulinda barabara. Alimfunga jeraha, akamlipa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kulipa kitakachozidi. Huruma yake ilikuwa na fedha ndani yake, tena alitoa kabla hajaondoka.

Hatujamaliza, kwa maana wako akina baba wengine, nao ni baba zetu waliotuzaa. Kadi ya kijana humchukua mkewe na watoto, haimchukui mzee wake. Mzee ni nyumba mbali, ajiandikishe mwenyewe na mchango wake ulipwe mbali. Wengi wetu hatukujua. Wazee waliofanya kazi zamani za East African Railways, kabla ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977, hutusimulia jinsi reli ilivyokuwa na dispensari yake na daktari wake. Leo wazee hao wako vijijini na presha zao, wanagawanya kidonge kimoja siku mbili ili kisiishe. Mwana akipeleka Sh. 1,000/- ya sukari na majani, mzee hununua sukari na majani. Basi twawaomba, kila mtu mwenye baba aliye hai, safari hii akienda nyumbani aende na mambo mawili. Amwandikishe mzee SHA kwa simu yake mwenyewe, kwa maana wazee hawazijui nambari hizi, na ampeleke zahanati akapimwe presha. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja.

Mwisho, twaomba Halmashauri ya Chama iamue mambo matatu katika mkutano ujao. Moja, mfuko huu wa Sh. 50/- ujaribiwe katika kituo chetu mwaka mmoja, na ukifaa upelekwe vituo vingine. Mbili, iandikwe barua kwa Kaunti, wahudumu wa afya wa jamii waje stesheni Jumamosi ya malipo saa kumi na moja jioni, wakati ambapo akina baba wote wako kwenye mstari mmoja wakingoja fedha. Hapo hakuna atakayesema hakuwa na nafasi. Tatu, shauri la mwenzetu na la vibarua wote waliopita mwezi mmoja lipelekwe mbele kwa sheria, wala lisiachwe mezani mpaka karatasi ziliwe na mchwa.

Mwenzetu sasa yuko nyumbani. Anajifunza kutembea kwa magongo. Mkewe anauza mboga kando ya kivuko cha reli, na mtoto wa kwanza ameacha shule muhula huu. Juma lililopita tulikwenda kumtazama. Hakutulaumu. Alituuliza swali moja tu, kama yule kijana aliyechukua nafasi yake kwenye genge amekwisha kupimwa sukari. Tukainamisha vichwa, kwa maana hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Tumemwuliza Jumatatu. Jumatano alikwenda zahanati. Tunaomba nanyi katika vituo vyenu muulizane.

Haba na haba hujaza kibaba. Umoja ni nguvu.

Ni sisi ndugu zenu,
Wafanyakazi wa Genge la Njia